Wati Hamsini Ndani ya Muzigo

Hotuba kwa wapiga gitaa, mafundi wa amplifaya na wasimamizi wa sauti, Kampala

Wazee wetu, kaka na dada zangu wapiga gitaa, mafundi wa Katwe mliofunga meza mapema ili mje hapa, nanyi ndugu wa makanisani mnaokesha nyuma ya mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya atenyueta, kile kisanduku kinachochomekwa kati ya amplifaya na spika ili kimeze sehemu kubwa ya nguvu, spika ipate kidogo. Nitazungumza Kiswahili kwa sababu nikitazama viti hivi naona watu wa Bunia, Arua, Bombo, Kisumu na Mwanza, na hii ndiyo lugha tunayogombania nayo bei ya shoo kila wikendi.

Nitangulize msimamo wangu ili asiyekubaliana nao apate muda wa kuandaa maswali. Wengi wanaoniuliza habari za kisanduku hiki hawakihitaji. Wanaokihitaji, kinawafaa kwa kazi moja, na kazi hiyo ina mpaka: kupunguza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), desibeli 15, ukijitahidi sana 20. Anayekuuzia kwa maneno kwamba utapiga amplifaya ya Marshall ya wati 50 usiku wa manane na mtoto wa jirani asigeuke kitandani, anakuuzia maneno.

Kwanza tujiulize, nani aliamua kwamba amplifaya ya gitaa iwe na nguvu kiasi hiki? Jim Marshall, mpiga ngoma, alifungua duka la ala za muziki Hanwell, magharibi mwa London, mwaka 1960. Vijana wapiga gitaa waliokuwa wakishinda dukani kwake walitaka kitu kizito kuliko vilivyokuwapo sokoni, na amplifaya za Fender kutoka Marekani zilikuwa ghali. Yeye na mafundi wake wakachukua sakiti ya amplifaya ya Fender Bassman, wakaijenga kwa vipuri vya kwao, ikatoka amplifaya iitwayo JTM45. Kufikia mwaka 1965 Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, alikuwa anadai wati 100. Hakuwa kichaa. Enzi hizo spika za ukumbini zilibeba sauti ya mwimbaji tu. Gitaa lilijitegemea, na amplifaya iliyokuwa nyuma ya mpigaji ndiyo iliyotakiwa kumfikia mtu aliyesimama mlangoni.

Leo hata kwenye harusi ya kijijini mtu anasimamisha maikrofoni mbele ya spika ya gitaa, na sauti inapita kwenye mikisa kama sauti nyingine yoyote. Sababu ya wati 100 imekufa. Amplifaya zenyewe hazikufa, kwa sababu njiani wapigaji waligundua kwamba zikifunguliwa hadi mwisho zinatoa sauti ambayo hakuna aliyeipanga.

Sauti hiyo inatoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyana. Gitaa linaingia kwenye valvu ndogo, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, mara nyingi za aina ya 12AX7, zinakuza wimbi. Kisha kuna hatua inayoligawa wimbi pande mbili, halafu valvu kubwa, EL34 au 6L6 au EL84, halafu transfoma ya kutolea sauti, halafu spika. Ukiongeza sauti mpaka valvu kubwa zishindwe kufuata, vilele vya wimbi vinakatwa. Transfoma nayo inaanza kulemewa. Na kama amplifaya yako inageuza umeme wa AC kuwa DC kwa valvu, mfano GZ34, ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu volti za ndani zinalegea kwa muda mfupi kisha zinapanda tena wakati kodi inafifia. Masikioni, noti inabanwa mwanzo halafu inavimba. Mkono wa mpigaji unalihisi hilo kabla ya sikio la msikilizaji. Mwisho kuna karatasi ya spika yenyewe, inayoanza kukoroma ikisukumwa sana.

Kwa hiyo vyanzo ni vingi, na pedali ya distosheni inaiga kimoja au viwili tu. Volyumu masta, ile iliyokuja kwenye Marshall 2203 mwaka 1975, inakupa mkwaruzo wa valvu ndogo huku zile kubwa zikilala. Ni sauti nzuri, imelisha watu wengi, lakini si ile ya kwanza. Mwenye amplifaya ya kizamani isiyo na volyumu masta hana ujanja: anayetaka mkwaruzo wa valvu kubwa lazima azisukume, na akizisukuma mtaa mzima unajua.

Sasa niwageukie kaka zangu wa Kongo waliojaza mistari miwili ya mbele. Mpiga solo wa sebene hataki mkwaruzo. Anataka kila noti ijitenge na mwenzake, iwe safi, iwe na haraka, labda na mwangwi kidogo nyuma yake. Anataka amplifaya yenye nafasi ya kutosha ili hata akipiga kwa nguvu isikwaruze. Huyo akija kuniuliza atenyueta nitamwambia ageuze kitufe cha volyumu arudi kwenye 2. Basi. Hapotezi kitu, kwa sababu alichokuwa anakitafuta kiko hukohuko chini. Mpiga kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda wa gitaa moja tu, pia hana biashara na kisanduku hiki. (Kicheko.) Mnacheka, lakini wapo watu waliokwishanunua.

Anayekihitaji ni mpiga roki, mpiga bluzi, na yule kijana wa kanisani anayetaka noti moja ndefu iimbe juu ya kwaya wakati wa kusifu. Huyu wa kanisani ana shida nyingine tena: kwake si jirani anayelalamika, ni fundi wa mikisa. Amplifaya jukwaani ikiwa kubwa kuliko ukumbi, fundi anazima kabisa maikrofoni ya gitaa, na waumini wa mistari ya mbele bado wanazibwa masikio. Kwake kisanduku kinachokula desibeli 10 ni tiba kamili, na hapo ndipo nimekiona kikifanya kazi vizuri kuliko mahali pengine popote. Pengine tungeanzia kanisani, siyo nyumbani.

Tuje kwenye hesabu. Najua mchana huu ni mzito, lakini bila hesabu hii utatapeliwa.

Chukua spika ya inchi 12 ya Celestion Greenback, ile iliyomo kwenye makabati mengi, yaani masanduku ya spika, ya Marshall. Ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli 98. Wati moja tu! Ukiipa 50, unafika kama 115. Kabla hujaendelea kujisifu, Greenback moja imepimwa kwa wati 25, kwa hiyo utakuwa pia unaichoma. Na kwa vipimo vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, desibeli 85 ni za kuvumilia saa 8 kwa siku, na kila ikipanda desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili. Piga hesabu mpaka 115: unabaki na chini ya nusu dakika.

Sasa kanuni ya pili. Ukipunguza nguvu kwa nusu, umepunguza desibeli 3 tu, na sikio halishtuki sana. Ili sikio liseme sauti imepungua nusu, unahitaji kushuka desibeli 10 hivi, yaani kubakisha sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ndiyo maana anayeuza amplifaya ya wati 50 na kununua ya wati 5 ili apate amani nyumbani anashangaa: gharama yote hiyo, na bado mlango unagongwa. Alitoka 115 akafika 105. Wati 5 kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi ni kelele ya ukumbi.

Teremka ngazi kwa ngazi na ile ya wati 50. Kata desibeli 10, una 105. Kata 20, una 95, bado unapiga kelele ili mwenzako akusikie. Kata 30, una 85. Kata 40, una 75, hapo spika inapokea miliwati 5, yaani sehemu tano kati ya elfu moja za wati, na ndipo unapofika kwenye kiwango cha televisheni iliyofunguliwa na mtu asiyesikia vizuri. Mazungumzo ya kawaida mezani ni kama 60.

Nanyi mnajua muzigo ulivyo. Safu ya vyumba vya kupanga, ukuta mmoja mnagawana, na mara nyingi ukuta huo haufiki kwenye mabati. Juu pako wazi toka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Sauti yako inapanda, inagonga mabati, inashukia kwa wote. Besi inapita sakafuni, kwa hiyo inua amplifaya, iweke juu ya kiti au godoro, utapata nafuu ya bure kabla hujatumia hata shilingi. Lakini usiku, hata nafuu hiyo haitoshi. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, zinatenganisha mchana na usiku, na za usiku kwenye makazi ni kali zaidi. Na kabla NEMA haijafika, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, ameshafika, tena kwa miguu.

Kuna jambo la pili linalotokea ukishuka sana, na hili si kosa la kisanduku. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vya sikio la binadamu. Sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza, na kiasi cha zile kali za juu. Wimbi ni lilelile, amplifaya ni ileile, lakini wewe unasikia kitu chembamba, katikati tu, kama kwenye simu. Halafu karatasi ya spika haisukumwi tena, hivyo mchango wake umeondoka. Watu wanakilaumu kisanduku kwa "kuua toni" wakati nusu ya kilichokufa kimefia masikioni mwao. Nusu nyingine, ndiyo, kisanduku kinahusika, nitaeleza.

Atenyueta inafanya nini hasa? Fikiria boda boda iliyo kwenye gia kubwa, injini imefunguliwa, na dereva amebana breki. Injini inafanya kazi yake yote, mwendo ni mdogo, na breki ndizo zinazopata moto. Amplifaya inafunguliwa hadi mwisho, valvu zinateseka kama zinavyotakiwa kuteseka, na nguvu isiyotakiwa inageuzwa joto ndani ya kisanduku.

Aliyekifanya kitu hiki kijulikane ni Tom Scholz, mhandisi aliyesoma chuo cha MIT, yuleyule wa bendi ya roki iitwayo Boston. Mwaka 1980 alianzisha kampuni ya vifaa vya muziki, na atenyueta iitwayo Power Soak ilikuwa bidhaa yake ya kwanza. Miaka hiyohiyo California, mpiga gitaa Eddie Van Halen alikuwa akishusha volti za umeme unaoingia kwenye Marshall yake kwa kutumia transfoma ya kurekebisha. Msimuige kwa kusubiri umeme wa jioni ushuke wenyewe. Volti zikishuka, waya unaopasha moto valvu nao unapoa, na valvu inayofanya kazi kubwa huku haijapata moto wa kutosha inaharibika. Yeye alikuwa anaweka volti alizozitaka na zinabaki hapo, zetu zinacheza.

Visanduku ni vya aina tatu, nitavitaja haraka vingine na kukaa kwenye kimoja.

Kuna cha rezista tupu, vile vipande vinavyozuia umeme na kuugeuza joto. Ni rahisi, cha bei nafuu, na fundi yeyote makini wa Katwe anaweza kukijenga. Kuna chenye koili na kapasita ndani, kinachojaribu kujifanya spika. Na kuna kile kinachochukua mzigo wote wa amplifaya, kisha kina amplifaya nyingine ndogo ya kukuza upya kwa kiwango unachotaka, kama Power Station ya Fryette, au kinapeleka sauti kwenye hedifoni na kompyuta pamoja na faili linaloiga kabati la spika, kama OX ya Universal Audio au Captor X ya Two Notes. Kwa mtu wa muzigo, usiku, hiki cha hedifoni ndicho pekee ninachokipendekeza. Bei yake inauma. Na kama huna amplifaya ya valvu kabisa, usinunue amplifaya na kisanduku ili upige kwenye hedifoni. Pedali ya kidijitali inayoiga amplifaya itakufikisha hapohapo kwa pesa kidogo sana, na wauzaji wa valvu wanisamehe.

Tofauti kati ya cha kwanza na cha pili ni hii. Spika iliyoandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haikai kwenye omu 8. Pale chini, mahali ambapo karatasi yake inapenda kutikisika, inaweza kupanda mara kadhaa ya hapo, na kwenye sauti za juu inapanda tena. Amplifaya ya valvu inalijibu hilo: pale omu zinapopanda, inatoa volti zaidi. Kwa hiyo besi inapata mwili na juu panapata ukali. Rezista haina mambo hayo, ni omu zilezile kuanzia chini hadi juu. Ukiiweka kati ya hao wawili, mazungumzo yao yanakatika, na sauti inatoka bapa. Kwa desibeli 6 au 10 hutajali. Ukikata 20 kwa rezista, utajali.

Sasa mafundi, toeni kalamu. Nitachora kisanduku cha desibeli 10 kwa amplifaya ya wati 20 yenye tundu la omu 8, kitu cha kiasi cha Deluxe Reverb ya Fender. Kisiingie amplifaya kubwa kuliko hiyo.

Kwenye waya wa moto unaotoka amplifaya kwenda spika, weka rezista mbili sambamba, moja ya omu 10 na moja ya omu 12. Zikiwa pamoja zinafanya kama omu 5.45. Baada ya hizo, upande wa spika, weka rezista ya omu 3.9 kutoka waya wa moto hadi waya wa ardhi, ikilala sambamba na spika. Amplifaya inaona omu 8 na kitu kidogo juu yake. Katika zile wati 20, karibu 14 zinaishia kwenye zile mbili za mbele, 4 hivi kwenye ile ya 3.9, na spika inapata kama 2.

Kwa nini mbili mbele, si moja ya 5.6 ambayo ingetosha kwa hesabu? Kwa sababu rezista moja ikikatika, amplifaya inabaki bila mzigo. Zikiwa mbili, moja ikikatika, nyingine bado imeshika. Omu zinapanda kuliko zinavyotakiwa na sauti inabadilika, utaijua, utazima. Na angalia faida nyingine: jeki ya spika ikichomoka katikati ya wimbo, amplifaya bado inaona omu 9 na ushei kupitia ile ya 3.9. Huo ndio uzuri wa mchoro huu, unasamehe.

Tumia rezista za waya zenye ganda la alumini, za wati 50 kila moja. Najua mtaniambia kila moja ya mbele inakula wati 7 tu, ya nini 50? Amplifaya ya wati 20 ikifunguliwa hadi mwisho haitoi 20. Wimbi likishakatwa vilele nguvu inapanda, na inaweza kukaribia mara mbili. Halafu ile 50 iliyochapishwa kwenye ganda ni wakati limefungwa kwa skrubu kwenye bati nene la alumini lenye mafuta ya kupitisha joto. Likining'inia hewani halifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo: kisanduku cha chuma au alumini, matundu chini na juu, miguu ya mpira. Plastiki hapana. Kisanduku cha biskuti cha bati nimekiona, kilikuwa na rangi nzuri, lakini bati lake jembamba mno kupoza kitu. Na usilehemu kwa kutegemea risasi peke yake ishike waya. Zungusha waya kwanza kwenye mguu wa rezista, kisha lehemu, maana sehemu hiyo itapata moto na kupoa kila siku.

Kabla ya kuchomeka, pima kwa multimita. Spika ikiwa nje, kwenye jeki ya kuingilia usome 9 na kitu. Ukisoma kingine, kuna kosa.

Hatari zilizobaki zote zinatokana na jambo moja: amplifaya ya valvu haitakiwi kuwashwa na kupigwa bila mzigo. Ya transista inaweza kuvumilia kukaa bila spika. Ya valvu, nguvu isipopata pa kwenda, volti ndani ya transfoma ya kutolea sauti zinaruka juu sana mpaka cheche zinapita kwenye soketi za valvu au kwenye waya za transfoma. Transfoma hiyo ndiyo kipuri ghali kuliko vyote humo ndani. Kwa hiyo waya wa kutoka amplifaya hadi kisanduku, na kutoka kisanduku hadi spika, uwe waya wa spika, nyaya mbili nene za kawaida. Usitumie waya wa gitaa hata kama jeki ni ileile. Ule ndani una uzi mwembamba uliotengenezwa kwa ajili ya wimbi dogo; utapata moto, na ukikatika tumerudi kwenye kutokuwa na mzigo. Omu za amplifaya ziwe sawa na za kisanduku, 8 kwa 8, 16 kwa 16. Swichi ya kubadilisha ngazi usiigeuze wakati unapiga. Zima sauti kwanza.

Na kisanduku kikae baada ya amplifaya, kabla ya spika. Nasema kitu cha wazi, lakini vipo vile visanduku vidogo vya volyumu vinavyokaa kwenye tundu la efekti la nyuma, na sokoni wanaviita kwa jina hilihili. Vile vinapunguza wimbi kabla ya valvu kubwa, ni volyumu masta tu ya kuongezea. Havipati moto, na havifanyi kazi tuliyoijia hapa.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza kabla sijaanza kama hiki kitu kinaharibu amplifaya. Shikamoo mama, nikujibu. Kisanduku chenye omu sahihi hakiharibu. Kinachochakaza ni kule kufungua amplifaya hadi mwisho, saa nyingi, kila siku, kwa sababu sasa unaweza. Zamani ulikuwa unafungua hadi mwisho jukwaani tu, wimbo mmoja mmoja. Sasa kijana anafanya mazoezi kutwa nzima kwenye 10, valvu kubwa zinawaka. Zima taa ya chumba uzitazame: rangi ya chungwa kwenye waya wa ndani ni sawa, bati linalouzunguka ndani ya kioo likianza kuwa jekundu, zima mara moja. Na valvu hapa kwetu hazichumwi mtini. Nyingi zinazotengenezwa leo zinatoka sehemu chache tu duniani, Saratov kule Urusi, JJ ya Slovakia, na China, na mpaka zifike Kampala umelipa mzigo, ushuru na subira. Anayepanga kununua atenyueta apange pia valvu za akiba, na stabilaiza nzuri, kile kifaa cha kutuliza volti, kwa sababu volti zikipanda juu ya 240 wakati amplifaya iko wazi kabisa, kila kitu ndani kinaongezewa mzigo ambao tayari kilikuwa kimefika mwisho wake.

Jambo la mwisho ni la wale wanaoletewa amplifaya na ndugu walioko Marekani. Nyingi zimefungwa transfoma ya volti 120 peke yake, ya umeme wa hezi 60, na umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Utahitaji transfoma ya kushusha, na usichukue ile ndogo ya kunyolea ndevu; kwa amplifaya ya wati 50 tafuta ya VA 300 au zaidi, VA ikiwa ni kipimo cha nguvu ya transfoma. Hata hivyo transfoma ya amplifaya yenyewe iliyobuniwa kwa 60 inaweza kupata joto zaidi kwenye 50, na ukiiendesha wazi kabisa mchana kutwa kwa sababu una kisanduku, joto hilo linaongezeka. Iguse kila baada ya muda. Ukishindwa kuacha mkono juu yake, ipumzishe. Mwenye amplifaya ya namna hiyo ambaye bado hajaiwasha, asiichomeke hata kwa kujaribu. Meza iko pale kulia, leta, tuigeuze tusome nyuma imeandikwa nini.